Zinapokaa SGLT1 na SGLT2: utumbo, figo na fumbo la moyo

Protini safirishi za mwili wa binadamu ni nyingi, na aghalabu tunazitambua kwa mizigo yake: hii ni ya glukosi, ile ni ya madini ya chuma, nyingine hutoa dawa nje ya seli. Kadiri ninavyofundisha fiziolojia ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba swali la kwanza linapaswa kuwa lingine, yaani protini hiyo inakaa katika tishu ipi, katika seli zipi za tishu hiyo, na katika upande gani wa seli zenyewe. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa protini mbili zinazoitwa SGLT1 na SGLT2. Zote mbili hubeba glukosi pamoja na sodiamu na kuziingiza ndani ya seli. Kimaumbile ni ndugu wa karibu, kwani SGLT1 ina amino asidi 664 na SGLT2 ina 672, na karibu asilimia 59 ya mfuatano wao unalingana. Hata hivyo mmoja amefanya makao yake makuu katika utumbo mwembamba na mwingine hapatikani kwa wingi popote isipokuwa katika figo, na karibu kila jambo ambalo daktari au mfamasia anahitaji kulijua kuhusu protini hizi linatokana na tofauti hiyo ya makazi.

Nianze na SGLT1, ambayo jeni yake, SLC5A1, iko kwenye kromosomu ya 22. Ukitazama kwa hadubini kipande chembamba cha utumbo wa binadamu kilichopakwa kingamwili zinazoinasa protini hii, utaona mstari mwembamba wa rangi ya kahawia ukifuata ukingo wa vile vidole vidogo vinavyojitokeza kwenye ukuta wa utumbo. Rangi hiyo haikuenea ndani ya seli yote. Imekaa kwenye ukingo ule tu unaotazama chakula, pale penye vinyweleo visivyohesabika ambavyo huongeza eneo la kufyonzea, na seli zinazotengeneza ute, ambazo zimesimama bega kwa bega na seli fyonzi, hazina rangi hiyo. Mstari huo ni mzito katika duodenamu na jejunamu, ambazo ndizo sehemu za mwanzo na za kati za utumbo mwembamba, kisha hupungua kadiri unavyoelekea mwisho wake. Upande wa pili wa seli hizo hizo, ule unaopakana na damu, iko protini nyingine, GLUT2, ambayo haihitaji sodiamu na ambayo huipitisha glukosi kuelekea kwenye mishipa. Kama SGLT1 ingekaa pande zote mbili, glukosi ingerudishwa ndani ya seli kila inapotoka, na safari ya sukari kutoka kwenye chakula kwenda kwenye damu isingekamilika.

Wazo lenyewe kwamba sukari hupanda mgongo wa sodiamu ili kuingia ndani ya seli lilitolewa na Robert K. Crane kwenye kongamano mjini Prague mwezi wa Agosti 1960. Ilichukua miaka 27 mpaka jeni yenyewe ikapatikana, na namna ilivyopatikana inaonyesha jinsi kujua makazi ya protini kunavyoweza kuwa chombo cha utafiti. Mwaka 1987 Matthias Hediger, Ernest Wright na wenzao huko Los Angeles walichukua RNA mjumbe, yaani nakala ya maagizo ya jeni ambayo seli huitumia kutengeneza protini, kutoka kwenye utando wa ndani wa utumbo wa sungura, kwa sababu walijua kwamba huko ndiko protini waliyoitafuta hutengenezwa kwa wingi. Wakaigawa RNA hiyo kwa ukubwa na kuidunga ndani ya mayai ya chura aina ya Xenopus, halafu wakapima ni mayai yapi yalianza kuvuta sukari ambayo hapo awali yalikuwa hayaivuti. Hawakuwa na mfuatano wa jeni wala kingamwili ya kuaminika mkononi, ila walikuwa na uhakika wa tishu ya kuanzia. Laiti wangeanza na tishu nyingine yoyote, nadhani kazi hiyo ingewachukua muda mrefu zaidi, na huenda isingefanikiwa kabisa.

Figo nazo zina habari ndefu zaidi. Kwa siku moja figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za maji kutoka kwenye damu, na ndani yake mna gramu 160 hadi 180 za glukosi, lakini mkojo wa mtu mwenye afya hauna glukosi ya kuhesabika. Yote imerudishwa. Kazi hiyo hufanyika kwenye mrija wa mwanzo wa nefroni, kile kitengo kidogo cha figo kinachochuja damu, ambao wanasayansi wameugawa katika sehemu tatu. Katika sehemu mbili za kwanza, kwenye gamba la figo, ndimo inamokaa SGLT2, iliyo na jeni SLC5A2 kwenye kromosomu ya 16, na hapo hurudishwa takriban asilimia 90 ya glukosi. Katika sehemu ya tatu, inayoshuka kuelekea kiini cha figo, SGLT2 hutoweka na nafasi yake huchukuliwa na SGLT1, ambayo hukusanya kiasi kilichobaki.

Mpangilio huu una maana kubwa. SGLT2 hutumia ioni moja ya sodiamu kwa kila molekuli moja ya glukosi, ilhali SGLT1 hutumia mbili. Kutumia sodiamu mbili ni gharama kubwa zaidi kwa seli, kwa kuwa kila sodiamu iliyoingia italazimika kutolewa tena kwa nishati, lakini malipo yake ni nguvu kubwa ya kuvuta hata pale glukosi inapokuwa imebaki kidogo mno. Kwa hiyo mwanzoni mwa mrija, ambako sukari ni tele, mwili umeweka protini isiyo na gharama kubwa, na mwishoni, ambako sukari imepungua, umeweka ile yenye nguvu. Sijui mfano mwingine katika fiziolojia ya figo unaofundisha kwa uwazi zaidi ya huu kwamba sifa za protini na mahali ilipo havitenganishiki.

Kuna watu ambao maumbile yenyewe yametuonyesha kupitia kwao uzito wa jambo hili. Mtoto aliyezaliwa na nakala mbili zilizoharibika za jeni ya SLC5A1 huanza kuharisha maji matupu ndani ya siku chache za kwanza za maisha, kwa sababu laktosi ya maziwa ya mama huvunjwa kuwa glukosi na galaktosi, na zote mbili hutegemea SGLT1 ili zifyonzwe. Hali hiyo iliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1962 na madaktari wa Sweden na Ufaransa waliofanya kazi kila upande kivyake. Ni ugonjwa adimu na huua usipotambuliwa, lakini tiba yake inatokana moja kwa moja na ramani ya tishu: fruktosi hupita katika protini nyingine ya utumbo, GLUT5, ambayo kwa mtoto huyo ni nzima kabisa, hivyo hulishwa maziwa maalumu ambayo sukari yake ni fruktosi, naye hupona na kukua. Figo za mtoto huyo hupoteza glukosi kidogo tu, kwa sababu SGLT2 yake ni nzima. Mtu ambaye jeni iliyoharibika ni ya SLC5A2 ana hali iliyo kinyume kabisa. Utumbo wake hauna shida yoyote, lakini mkojo wake huwa na glukosi maisha yake yote, wakati mwingine zaidi ya gramu 100 kwa siku, huku sukari ya damu yake ikiwa ya kawaida na afya yake kwa ujumla ikiwa njema.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, makazi ya SGLT1 yapo kwenye kila kituo cha afya, ndani ya pakiti ya ORS, yaani chumvi na sukari za kuchanganywa na maji na kunyweshwa anayeharisha. Pakiti ya lita moja, kwa mchanganyiko ulioidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, ina gramu 13.5 za glukosi, gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu na gramu 2.9 za sitreti ya sodiamu. Ukikokotoa, glukosi na sodiamu zinalingana, kila moja ikiwa milimoli 75 kwa lita. Glukosi haikuwekwa humo ili kuleta ladha wala kumpa mgonjwa nguvu, kama mama wengi wanavyoelezwa kwa haraka kliniki. Imewekwa kwa sababu bila hiyo SGLT1 haiwezi kuivuta sodiamu, na bila sodiamu kuingia, maji hayafuati.

Na hapa tena suala la mahali linarudi. Sumu ya kipindupindu huzifanya seli za utumbo zimwage kloridi na maji, na umwagaji huo hutoka hasa katika vishimo vilivyo kati ya vile vidole vya ukuta wa utumbo, ilhali SGLT1 imejaa kwenye seli zilizokomaa za vidole vyenyewe. Sumu hiyo haiigusi SGLT1. Mgonjwa anayepoteza lita kadhaa za maji kwa siku bado ana mtambo mzima wa kufyonza, milimita moja hivi tu kutoka mahali maji yanapomwagika, kama tutakumbuka tu kumpa chumvi na glukosi kwa uwiano unaofaa. Mwaka 1971, katika kambi ya Bangaon nchini India iliyojaa wakimbizi kutoka iliyokuwa Pakistani ya Mashariki, Dilip Mahalanabis na wenzake waliishiwa maji ya mishipani wakawanywesha wagonjwa maji ya chumvi na glukosi, na vifo vilivyokuwa takriban asilimia 30 vikashuka chini ya asilimia 4. SGLT1 ilikuwa haijapatikana bado. Ilijulikana tu kwa kazi yake.

Sasa niseme kuhusu namna tunavyopata majibu haya, kwa sababu watu wengi siku hizi hufungua kanzidata kwenye intaneti, huandika jina la jeni, na kuamini mchoro wanaouona. Kanzidata mbili zinazotumiwa zaidi ni Human Protein Atlas, mradi ulioanza Sweden mwaka 2003 chini ya Mathias Uhlén na kutoa ramani yake ya tishu mwaka 2015, na GTEx ya Marekani, ambayo hupima RNA katika tishu zilizotolewa na watu waliofariki. Ninazithamini sana kazi hizi mbili, na huwahimiza wanafunzi wangu wazitumie. Lakini zinahitaji msomaji makini.

Kwanza, RNA si protini. Jeni inaweza kusomwa kwa wingi katika tishu na protini ikawa chache, au protini ikawa nyingi lakini imefungiwa ndani ya seli bila kufika kwenye utando ambako kazi yake iko. Pili, kipande cha tishu kinaposagwa ili RNA yake ipimwe, seli za aina zote huchanganyika. Ukisaga sahani nzima ya pilau, unaweza kusema mna iliki, lakini huwezi kusema ilikuwa imekaa wapi. Tatu, na hili ndilo linalosahaulika zaidi, ni muhimu kujua kipande kilikatwa wapi. Sampuli za utumbo mwembamba katika GTEx zimetoka mwisho wa utumbo huo, karibu na unapoungana na utumbo mpana, mahali ambapo SGLT1 tayari imepungua. Anayesoma nguzo hiyo ya mchoro na kudhani ameona utumbo mwembamba wote amekosea bila kujua. Kwa upande wa figo, toleo la nane la GTEx lina sampuli 85 za gamba na 4 tu za kiini, na tumekwisha kuona kwamba SGLT1 ya figo hukaa upande wa kiini. Aidha, zaidi ya asilimia 80 ya waliotoa tishu hizo ni Wamarekani wenye asili ya Ulaya. Sina sababu ya kudhani kwamba SGLT2 ya mtu wa Kigoma imekaa mahali pengine, lakini kiasi chake, na mabadiliko ya jeni yanayokiathiri, ni mambo yanayostahili kupimwa kwetu pia na si kukisiwa kutoka mbali.

Kingamwili nazo zina matatizo yake. Kingamwili isiyo na umahususi hupaka rangi protini zisizohusika, na kwa sababu SGLT1 na SGLT2 zinafanana sana, hitilafu hiyo ni rahisi kutokea. Kipimo cha kuaminika ni kuijaribu kingamwili kwenye tishu ya mnyama aliyeondolewa jeni husika. Kama rangi bado inaonekana, basi haikuwa ya protini hiyo. Kwa upande wa binadamu, kazi ninayoiona kuwa makini zaidi ni ile iliyochapishwa mwaka 2015 na kikundi cha Ivana Vrhovac, Ivan Sabolić na Hermann Koepsell, ambao walionyesha SGLT1 katika utumbo, katika sehemu ya tatu ya mrija wa figo, katika mirija midogo ya nyongo ndani ya ini, katika seli fulani za mapafu, na katika kapilari za moyo. SGLT2 waliiona kwenye sehemu za mwanzo za mrija wa figo. Mwaka huo huo watafiti wengine waliripoti SGLT2 katika seli za alfa za kongosho, zile zinazotengeneza glukagoni, homoni inayopandisha sukari ya damu, na mjadala juu ya ripoti hiyo haujafungwa, kwa kuwa vikundi vingine vilipotafuta havikuipata.

Moyo ndio unaoleta fumbo. Dawa za kuzuia SGLT2 zilitokana na florizini, kemikali iliyotolewa kwenye gome la mti wa tufaha mwaka 1835, ambayo mwaka 1886 Joseph von Mering alionyesha kuwa hutoa glukosi kwenye mkojo. Florizini yenyewe haikufaa kuwa dawa, kwa sababu huzuia protini zote mbili, na kuizuia SGLT1 kwenye utumbo huleta kuharisha. Isitoshe, huvunjwa kabla haijafika mbali. Wanakemia walitengeneza basi molekuli zinazoichagua SGLT2, na dapagliflozini ikaidhinishwa Ulaya mwaka 2012 kwa ajili ya kisukari. Kwa kuwa SGLT2 iko kwenye figo tu, ilitarajiwa kwamba dawa ingefanya kazi moja ya kupunguza sukari, na kwamba sehemu ya glukosi iliyoponyoka ingenaswa na SGLT1 mbele ya safari. Ndivyo ilivyokuwa: dawa hizi hutoa kwenye mkojo kati ya asilimia 30 na 50 tu ya glukosi iliyochujwa, wala si asilimia 90. Hata madhara yake yanafuata ramani, kwani fangasi za sehemu za siri huongezeka pale mkojo wenye sukari unapopita.

Kisha mwaka 2015 yakaja matokeo ya utafiti wa empagliflozini kwa wagonjwa 7,020 wenye kisukari na maradhi ya moyo, yaliyoonyesha kwamba kulazwa kwa sababu ya moyo kushindwa kufanya kazi kulipungua kwa asilimia 35. Mwaka 2019 dapagliflozini ilisaidia wagonjwa wa moyo hata wale wasio na kisukari. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa hizi kwenye orodha ya dawa muhimu. Lakini misuli ya moyo wa binadamu haina SGLT2 ya maana. Inawezekanaje dawa ikausaidia moyo ambao hauna shabaha yake?

Majibu yaliyopendekezwa yako katika makundi mawili. La kwanza linasema kwamba dawa hufanya kazi yake kwenye figo, na moyo hufaidika kutoka mbali: sodiamu na maji hupungua mwilini, shinikizo la damu hushuka, chembe nyekundu za damu huongezeka, na ini hutengeneza ketoni ambazo moyo unaweza kuzichoma. La pili linasema kwamba dawa hugusa protini nyingine ndani ya moyo wenyewe, hasa ile inayobadilishana sodiamu na hidrojeni, iitwayo NHE1. Hata hivyo, majaribio mengine ya maabara hayakuliunga mkono hilo. Mimi naegemea kundi la kwanza. Ikiwa tishu haina shabaha, maelezo yanayodai athari ya moja kwa moja yanapaswa kuleta ushahidi mzito zaidi kuliko yale yanayokubaliana na ramani, na kwa sasa figo ina ushahidi mwingi zaidi.

SGLT1 ya moyo nayo haijasahauliwa. Dawa iitwayo sotagliflozini, iliyoidhinishwa Marekani mwezi Mei 2023 kwa wagonjwa wa moyo, huzuia protini zote mbili. Katika jaribio lake kubwa lililoitwa SCORED, lililohusisha wagonjwa 10,584 wenye kisukari na maradhi ya figo, matukio ya moyo yalipungua, na kuharisha kulijitokeza kwa asilimia 8.5 ya waliopewa dawa ikilinganishwa na asilimia 6.0 ya waliopewa dawa bandia.